Ukiambiwa Usitoke Ndani, Nani Atakulisha?

Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam tarehe 15 Agosti 2015, wagonjwa wa kwanza walitoka Kinondoni, wilaya ambayo wakati huo bado ilibeba Manzese, Mabibo na Ubungo yote. Haukupita muda kikawa kimeshavuka kwenda Temeke na Ilala, kisha kikapanda mabasi kwenda mikoani. Hadi mwanzoni mwa 2018 nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500.

Pamoja na yote hayo, hakuna barabara iliyofungwa jijini. Daladala zilijaza abiria mpaka mlangoni, masoko yalifunguliwa alfajiri, na mwezi huohuo wa Agosti vyama vikubwa vilizindua kampeni za uchaguzi mkuu pale Jangwani mbele ya umati usiohesabika. Kilichofungwa ni sufuria ya mama lishe, juisi ya kwenye ndoo na matunda ya kukatwa. Walioanza kuharisha na kutapika walipelekwa kwenye kambi za kipindupindu, kama ile ya Mburahati na ile ya Buguruni, na ndugu zao wakabaki getini.

Miaka mitano kasoro baadaye, Machi 2020, mji uleule uliamua kinyume kabisa. Msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere akitokea nchi yenye maambukizi ya korona alipelekwa moja kwa moja hotelini akakae siku 14, hata kama hajapiga chafya moja. Mwaka 2015 jirani wa mgonjwa wa kipindupindu alikwenda kazini kama kawaida. Mwaka 2020 mtu mzima wa afya alifungiwa chumbani. Vijiweni watu walisema ni serikali kutojua inachotaka. Mimi nasema hapana. Maamuzi yote mawili yana hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo haihitaji shahada ya udaktari kuielewa. Tatizo letu liko kwenye sehemu ya hesabu hiyo ambayo maofisa huiacha mwisho: sahani ya chakula.

Tuanze na kutofautisha mambo mawili ambayo mtaani huchanganywa. Kutengwa ni kwa aliyeugua: anawekwa mbali na wengine mpaka asiweze tena kuambukiza. Karantini ni kwa asiyeumwa lakini amekaribiana na mgonjwa au ametoka palipo na ugonjwa. Huyu anasubiriwa muda upite ijulikane kama ameambukizwa. Kumtenga mgonjwa ni rahisi kukubalika, maana mwenyewe hana nguvu ya kwenda popote. Kumweka karantini mtu mwenye nguvu zake, mwenye watoto wanaosubiri unga jioni, ndiko kunakozua ugomvi. Kwa hiyo afisa wa afya mwenye busara hujiuliza kwanza kama kuna ulazima.

Jibu linatokana na mwendo wa ugonjwa wenyewe. Kuna muda kati ya mtu kuambukizwa na kuanza kuonyesha dalili, na kuna muda kati ya kuambukizwa na kuanza kuambukiza wenzake. Ikiwa ugonjwa unaambukiza baada ya dalili kuonekana, unamwahi mgonjwa: akianza homa tu, anatengwa, na mnyororo umekatika. Ndivyo SARS ya mwaka 2003 ilivyodhibitiwa katika nchi za Asia na Kanada. Ikiwa unaambukiza kabla ya dalili, umeshachelewa; kufikia siku mgonjwa anapokohoa, ameshaacha virusi kwenye daladala tatu. Hapo ndipo karantini ya wasioumwa inapopata maana.

Korona ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Dalili zilijitokeza kati ya siku 2 na 14, na mtu aliweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya. Siku 14 za hotelini zilitoka hapo. Kipindupindu nacho huanza ndani ya saa chache hadi siku tano, na wengi wanaokibeba hawaugui kabisa. Lakini njia yake ni maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Ukimfungia jirani ndani ya nyumba yenye kisima kibovu na choo kilichofurika, umemfungia na ugonjwa. Dawa ya jirani ni klorini kwenye dumu la maji, na dawa ya mgonjwa ni kunywa kwa wingi na haraka maji yenye chumvi na sukari, kwani anayewahi kutibiwa ana nafasi kubwa sana ya kupona. Ndiyo maana mkutano wa Jangwani ulipita na sufuria ya mama lishe ikazuiwa. Mantiki ilikuwepo, ingawa ni kweli pia kwamba mama lishe hana chama cha kumtetea.

Halafu kuna dengi, ambayo Kinondoni inaifahamu vizuri. Mwaka 2014 wilaya hiyo iliongoza kwa wagonjwa, na mwaka 2019 Dar es Salaam ikapigwa tena. Wapo waliouliza kwa nini wagonjwa hawatengwi. Dengi haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Inabebwa na mbu aina ya Aedes anayeuma mchana, na mbu huyo hajali geti la Masaki wala uzio wa mabati wa Mwananyamala. Kinachofaa ni mgonjwa kulala ndani ya chandarua hata mchana wakati wa homa, na mtaa kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi, vifuu na vyungu vya maua. Afisa anayefunga mtaa kwa sababu ya dengi anaonyesha misuli tu.

Kifua kikuu, ambacho Temeke inakijua kwa muda mrefu, kinaonyesha jinsi uamuzi unavyobadilika ushahidi ukibadilika. Zamani mgonjwa alipelekwa mbali, Kibong'oto kule Kilimanjaro, akakaa miezi. Leo anatumia dawa akiwa kwake, kwa sababu inajulikana kwamba wiki chache za dawa sahihi hupunguza sana uwezo wake wa kuambukiza. Hata wenye kifua kikuu sugu, ambao matibabu yao yalianzia Kibong'oto mwaka 2009, siku hizi hufuatiliwa karibu na nyumbani. Ukoma nao ulitengenezewa makambi, na makazi ya wazee ya Nunge, Kigamboni, ni alama iliyobaki ya zama hizo. Leo mwenye ukoma anakunywa vidonge na kuishi na watoto wake.

Nani hasa anashika kalamu? Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inawapa maofisa wa afya wenye mamlaka uwezo wa kuagiza mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza, au aliyekaribiana naye, atengwe. Katiba inalinda uhuru wa mtu katika Ibara ya 15 na haki ya kwenda atakako katika Ibara ya 17, lakini Ibara ya 30 inaruhusu sheria kupunguza haki hizo kwa ajili ya afya ya jamii, miongoni mwa sababu nyingine. Kwa hiyo uwezo upo. Masharti yanayokubalika kimataifa ni kwamba hatua iwe na lengo halali, iwe ya lazima, iwe ndogo kuliko zote zinazoweza kufanya kazi hiyo, iwe na mwisho unaojulikana, na isibague.

Kwa vitendo mambo huanzia chini kabisa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenye duka la dawa anasikia kwamba nyumba fulani watu watatu wanaharisha. Taarifa inakwenda kwa afisa afya wa kata, kisha kwa mganga mkuu wa manispaa. Sampuli inapelekwa Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, pale Mabibo. Wakati huo jibu halijatoka, na hapa ndipo penye ugumu wa kazi hii. Ukisubiri cheti cha maabara, ugonjwa umeshapata muda. Ukitangaza mapema ikawa malaria tu, umewatia watu hofu na umeharibu biashara ya mtaa mzima. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza karibu kila mara hufanywa gizani, kwa kuangalia dalili, safari za mgonjwa na nani amekufa karibuni.

Serikali kuu ina kishawishi chake: kukaa kimya. Tarehe 29 Aprili 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa 480 wa korona waliotangazwa. Zanzibar ikaongeza wake hadi jumla ikafika 509 mwanzoni mwa Mei, kisha takwimu zikakoma kwa zaidi ya mwaka. Mtu anaweza kubishana kuhusu siasa za wakati ule mpaka kesho. Kwa mtaalamu wa afya jambo ni jepesi zaidi: bila namba huwezi kujua nani atengwe, wapi na mpaka lini.

Linganisha na Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Bukoba Vijijini, serikali ilitangaza tarehe 21 mwezi huo. Marburg inaua kwa kiwango cha kutisha, lakini haiambukizi kabla ya dalili. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuufunga mkoa. Zaidi ya watu 200 waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21 kila mmoja, wakipimwa joto, na anayeanza homa anatengwa mara moja. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Januari 2025 Marburg ilirudi, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa, wizara ikasema vipimo havijaonyesha kitu, na siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus. Mlipuko ulimalizika Machi. Waliothibitishwa walikuwa wawili na wanane wakahesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote kumi walifariki. Kwa ugonjwa unaohitaji kumwahi mgonjwa siku ya kwanza ya homa, kuyumba kwa siku hata chache ni gharama.

Sasa turudi Temeke. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika wilaya hiyo na 982,328 Kinondoni. Wengi wao hawaishi kwenye nyumba ambazo miongozo ya kujitenga inazifikiria. Mwongozo unasema: kaa chumba chako peke yako, tumia choo chako, fungua madirisha, mtu mmoja tu akuhudumie. Huo ni mwongozo wa mwenye chumba masta. Nyumba ya Kiswahili ya Tandika au Mbagala ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna choo kimoja na bafu moja kwa wapangaji wote. Chumba kimoja kina baba, mama, watoto watatu na mdogo wa mama aliyekuja mjini kutafuta kazi. Pazia ndilo linalotenganisha kitanda na jiko la gesi. Mwambie huyu baba ajitenge. Atajitenga na nani, na kwa pazia lipi?

Afisa aliyefika pale ana njia tatu. Anaweza kumhamisha mgonjwa kwenye wodi maalumu. Anaweza kuwahamisha wazima, jambo ambalo sijawahi kuliona likifanyika uswahilini. Au anaweza kuifunga nyumba nzima, vyumba sita kwa pamoja. Hii ya tatu ndiyo rahisi kuamuru na ndiyo mbaya kuliko zote. Dunia ilijionea Februari 2020 kwenye meli ya Diamond Princess iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu wapatao 3,700: zaidi ya 700 waliambukizwa, na waliokuwa humo walikuwa na vyumba vya kulala na chakula cha kuletewa mlangoni. Nyumba ya wapangaji yenye choo kimoja haiwezi kufanya vizuri kuliko meli ya kitalii.

Kisha njoo kwenye riziki. Dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu anadaiwa hesabu kila siku. Bosi hataki kusikia habari za siku 14. Mkewe ana marejesho ya kikoba Ijumaa, na huenda kuna mkopo wa kausha damu ambao riba yake haiendi karantini. Mwenye nyumba akiona gari la wagonjwa limesimama mlangoni, anafikiria wapangaji wengine watakaohama, na kodi ikiisha hapokei nyingine. Ukiyajumlisha haya utaelewa kwa nini mgonjwa anafichwa. Watu hawafichi kwa ujinga. Wamepiga hesabu zao, na hesabu zimewaambia kwamba kuonekana kuna gharama kubwa kuliko kuugua.

Walioamuru kufunga bila kupiga hesabu hii walivuna walichopanda. Agosti 2014, Monrovia, Liberia, serikali ilizungushia West Point uzio wa askari kwa sababu ya Ebola. Ni mtaa wa masikini wa makumi ya maelfu ya watu, vyoo vichache, chakula kikiingia kwa shida. Bei zikapanda, vijana wakapambana na askari, kijana mmoja akapigwa risasi akafa, na baada ya siku kama kumi amri ikaondolewa. Uganda ilikwenda kwa tahadhari zaidi. Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, Rais Yoweri Museveni alisema hakuna haja ya kufunga kwa kuwa Ebola haisambai kwa hewa. Kitaalamu hakukosea. Lakini watu waliokaribiana na wagonjwa walikuwa wakitoroka, wengine wakifika Kampala, na tarehe 15 Oktoba akazifunga Mubende na Kassanda. Kizuizi kilidumu hadi katikati ya Desemba. Walioambukizwa na kuthibitishwa walikuwa 142, na 55 kati yao walifariki. Unaweza kuwa na sayansi sahihi ukashindwa kwa sababu mtu uliyemwambia akae, hukumpa sababu ya kukaa.

Hapo ndipo agizo letu la Machi 2020 linapostahili kuulizwa. Wasafiri waliwekwa hotelini kwa gharama zao wenyewe. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Tanzania inafungwa nazo, zinasema katika Kanuni ya 40 kwamba msafiri hatozwi gharama za kutengwa au karantini, isipokuwa wanaokuja kuomba ukaazi. Na Kanuni ya 32 inaitaka nchi ihakikishe chakula, maji na malazi ya kufaa. Mantiki ni ileile ya Mbagala: ukimlazimisha mtu jambo kwa faida ya wote, wote ndio walipie. Msafiri mwenye uwezo alilipa akanung'unika. Mwanafunzi aliyerudi na begi moja, au mfanyabiashara mdogo aliyemaliza mtaji Guangzhou, alikuwa na kila sababu ya kudanganya alikotoka.

Pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya karantini inayowalenga wageni kwanza. Kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe, kilijengewa gereza miaka ya 1890 ambalo likageuzwa kuwa kituo cha karantini cha abiria wa meli. Kulikuwa na bahari ya kuwatenganisha. Leo ugonjwa unaingia kwa lori. Machi 2025 wizara ilipothibitisha wagonjwa wawili wa homa ya nyani, mmoja alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani hadi Dar es Salaam. Dereva wa namna hiyo ameshalala kwenye gesti kadhaa, amekula kwa mama lishe wengi, na ana ratiba ya kurudi na mzigo mwingine. Kumuuliza alikopita kunahitaji aamini kwamba akisema ukweli hatapoteza kazi.

Kwa maoni yangu, manispaa zetu zingeanzia upande wa pili. Kabla mlipuko haujaja, kila halmashauri iwe na fungu la wanaowekwa karantini: unga, maharage, mkaa au gesi, dumu za maji, vocha za simu, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa mwenye nyumba na kwa mwenye pikipiki. Iwe na vyumba vya kuwahamishia watu kwa muda. Shule na hosteli zipo, na likizo zinajulikana. Hospitali ya Temeke na Mwananyamala ziwe na wodi za kutenga zinazofanya kazi mwaka mzima, badala ya mahema yanayofungwa ugonjwa ukitoka kwenye taarifa ya habari. Gharama hizo ni ndogo mbele ya hasara ya mlipuko mmoja. Diwani anayeomba kura aulizwe fungu hilo liko kifungu gani cha bajeti.

Nawe msomaji, siku afisa wa afya akibisha hodi na kusema usitoke, mpokee, maana kuna uwezekano mkubwa kwamba yuko sahihi. Kisha muulize mambo manne: ni ugonjwa gani, ni siku ngapi na zinaanza lini, anayeamuru ni nani kwa sheria ipi, na chakula cha nyumba hii kitaletwa na nani. Akikosa jibu la mojawapo, mwite mwenyekiti wa mtaa akae naye hapohapo mpaka lipatikane. Na ukiona nyumba ya jirani watu wanaharisha au wana homa isiyoeleweka, usisubiri gari lije lenyewe. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.